D mbili si tiketi ya udaktari

Kila matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa, husikika katika nyumba zetu hapa Dodoma swali lile lile: mtoto amefaulu, mbona hakuchukuliwa? Mzazi huulizia dhulma, ilhali jibu mara nyingi limo katika hesabu.

Katika mtihani huo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa shahada ya kwanza ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, kwa mfano D mbili. Lakini kiwango cha chini ni ruhusa ya kuomba tu. Udaktari wahitaji Fizikia, Kemia na Baiolojia kwa pamoja, na viti vyake ni vichache, iwe Chuo Kikuu cha Dodoma au Muhimbili. Mwenye C tatu husimama foleni moja na mwenye A tatu, na foleni hiyo haiangalii nani alitangulia kufika.

Huko Marekani, vyuo vinavyochagua sana hupima alama za sekondari za miaka kadhaa, na vyaweza kumnyang'anya nafasi mwanafunzi aliyekwisha kukubaliwa iwapo atalegea mwaka wa mwisho. Kwetu uzito mkubwa, ukiacha ufaulu wa Kidato cha Nne ambao baadhi ya kozi huutazama, waangukia mtihani mmoja wa mwezi Mei. Ripoti nzuri za muhula na matokeo ya mtihani wa majaribio havimwingizi mtu chuoni.

Na Mei ya huku kwetu twaijua. Mtama na alizeti vimekomaa, mikono haitoshi shambani, na harusi zaanza kupangwa. Binti anayesoma kutwa ndiye wa kwanza kuitwa jikoni. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba anayeshika daftari amepumzika. Ndugu mzazi, ukitaka kumsaidia, mwachie jioni zake tangu Januari. Ziada ya masomo ya kulipia haitafidia saa ulizomnyima nyumbani.

Pointi zikipungua, ombeni kwa kuzitazama, si kwa kuitazama ndoto ya baba. Kozi ya ualimu wa sayansi au takwimu yaweza kumpokea aliyekosa udaktari. Ipo pia njia ya stashahada: akimaliza na wastani wa GPA 3.0, huruhusiwa kuomba shahada, japo atakuwa amechelewa kidogo.

Tangu 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni. Anayechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliowekwa. Basi simu hiyo iwe ya mtoto mwenyewe, au ya mtu anayeshinda mahali penye mtandao, si ya mjomba aliye machungani.