Umbo Lililofichwa Ndani ya Nukta

Tangu watafiti watangaze kwamba mlipuko wa nyota (supanova) SN 2024ggi ulikuwa na umbo la zeituni, wapo wanaouliza: umbo hilo limejulikanaje, ilhali hakuna darubini iliyouona mlipuko wenyewe isipokuwa kama nukta? Swali ni zuri. Kinachonisumbua ni majibu ya haraka yanayolifuata: eti ni makisio, ni vumbi, ni hesabu zisizo na faida. Elimu hii imejengwa kwa zaidi ya miaka arobaini, na wanaoitilia shaka wanastahili kujibiwa hoja kwa hoja.

Kwanza, kwamba nukta haina umbo. SN 2024ggi iligunduliwa tarehe 10 Aprili 2024 katika galaksi NGC 3621, umbali wa takriban miaka-nuru milioni 22, na ni kweli kwamba darubini haikuweza kutenganisha upande wake mmoja na mwingine. Lakini nuru haibebi mwangaza na rangi tu. Hubeba pia mwelekeo wa mtetemo wake. Nuru ya kawaida hutetema pande zote bila upendeleo. Ikigonga elektroni na kutawanyika, mwelekeo mmoja huizidi mingine, nayo hali hiyo huitwa polaraizesheni. (Nuru inayoakisiwa na maji ya bahari huipata pia, ndiyo sababu miwani ya polaroidi hupunguza mng'aro wake.)

Gesi ya supanova changa imejaa elektroni huru. Nuru inayotufikia kutoka ukingoni hutetema sambamba na ukingo: ya juu na ya chini kwa mlalo, ya kushoto na ya kulia kwa wima. Mlipuko ukionekana duara kamili, mlalo na wima hufutana na kubaki sifuri. Ukiwa umerefuka, kufutana huko hakukamiliki, na salio hubaki ndani ya nukta ileile. Subrahmanyan Chandrasekhar alikokotoa athari ya utawanyikaji huu kwenye nuru ya nyota mwaka 1946. Mwaka 1982 Shapiro na Sutherland wakaonyesha kwamba kwa njia hiyo umbo la supanova linaweza kupimwa.

Pili, kwamba salio lenyewe ni dogo mno, mara nyingi asilimia 1 au pungufu, kwa hiyo ni hitilafu ya vyombo tu. Katika darubini za VLT huko Paranal, Chile, prizimu huigawa nuru kuwa miali miwili yenye mitetemo inayokingamana, na yote miwili hupimwa kwa wakati mmoja. Wingu likipita, huifunika yote sawasawa, na uwiano haubadiliki. Kinachohitajika ni nuru nyingi: fotoni milioni moja hufikisha usahihi wa karibu sehemu moja ya kumi ya asilimia. Ndiyo maana kazi hii hudai kioo cha mita 8.2.

Dai zito kuliko yote ni la vumbi. Mwaka 1949 Hiltner na Hall waligundua kwamba vumbi lililo kati ya nyota, likiwa limepangwa na ugasumaku wa galaksi, huipa polaraizesheni nuru inayopita ndani yake. Je, tunapima mlipuko au njia? Hofu hii ni halali, na hakuna mtafiti makini anayeipuuza. Lakini vumbi halibadiliki kwa siku chache, na athari yake hupanda na kushuka taratibu kutoka rangi moja hadi nyingine. Halijui kitu kuhusu silikoni au kalisi iliyo ndani ya supanova. Tunapoona polaraizesheni ikiruka ghafla pale tu palipo na mstari wa silikoni katika spektra, chanzo kiko kwenye mlipuko.

Mfano unaonishawishi zaidi ni SN 2004dj, katika galaksi NGC 2403. Kwa wiki nyingi, tabaka lake la nje la hidrojeni halikuonyesha karibu chochote. Tabaka hilo lilipokonda na kiini kuanza kuonekana, polaraizesheni ilipanda hadi zaidi kidogo ya nusu ya asilimia, kisha ikapungua kadiri gesi ilivyotawanyika. Vumbi la njiani halina uwezo wa kufanya hivyo.

Hapo dai jingine linajibika: kwamba nyota ni mviringo, basi hulipuka kwa mviringo. Nyota ya SN 2004dj ilikuwa karibu mviringo kwa nje, lakini moyo wake ulilipuka kwa upogo. Katika SN 2024ggi, darubini ilielekezwa huko saa 26 tu baada ya ugunduzi, na kikundi cha mtafiti Yi Yang kikaona wimbi la mlipuko likitoboa uso wa nyota likiwa tayari limerefuka. Anayeeleza jinsi nyota kubwa zinavyokufa lazima aeleze upogo huo.

Wengine husema polaraizesheni haitoi umbo zima. Hapa nakubali. Zeituni ikitazamwa kutoka nchani ni duara, hivyo kipimo kimoja hutoa kiwango cha chini cha upogo tu, pamoja na mwelekeo wa mhimili angani. Dawa yake ni kupima supanova nyingi, na kila moja mara nyingi.

Na faida? Supanova za aina ya Ia hutumika kupima umbali, na ndizo zilizoonyesha mwaka 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayoongezeka. Kama zingekuwa na upogo mkubwa, mwangaza wake ungetegemea upande tunaozitazamia. SN 1996X, mojawapo ya hizo, ilionyesha takriban asilimia 0.3 tu, na nyingi zilizofuata zimekuwa katika kiwango hicho. Lakini katika SN 2004dt, mstari wa silikoni ulifikia karibu asilimia 2. Mwangaza peke yake usingetuambia kwamba hiyo ina mpangilio tofauti na wenzake. Polaraizesheni imetuambia, na imetuonyesha kwamba tofauti hiyo iko kwenye silikoni.