Timu ya Papua Iwe Mali ya Wapapua

Tarehe 12 Desemba 2024, mjini Sydney, Waziri Mkuu wa Australia, Anthony Albanese, na mwenziwe wa Papua Guinea Mpya, James Marape, walitangaza kwamba timu kutoka Papua itaingia katika ligi ya raga ya kulipwa ya Australia, NRL, mwaka 2028. Serikali ya Australia iliahidi kutoa dola zake milioni 600 katika muda wa miaka 10, kwa ajili ya timu hiyo na kwa kuukuza mchezo katika visiwa vya Pasifiki. Baadaye mji wa Perth, ulio magharibi ya mbali kabisa ya Australia, nao ukapewa nafasi ya kuingia mwaka 2027. Ligi iliyokuwa na timu 17 itafikia 19.

Wako wanaouliza kama ni busara kuupanua mchezo hadi huko. Sisi tunasema kwamba kwa upande wa Papua ni haki, tena haki iliyochelewa. Linalotutia wasiwasi ni masharti.

Inafaa tukumbuke kwamba raga hii ya wachezaji 13 ilizaliwa na wavuja jasho. Mnamo tarehe 29 Agosti 1895, katika mji wa Huddersfield, vilabu vya kaskazini ya Uingereza vilijitenga na chama cha raga kwa sababu chama hicho kilikataa mchezaji asifidiwe ujira aliopoteza siku ya mchezo. Mabwana wenye mirathi waliona kulipwa ni aibu. Mfanyakazi wa kinu au wa mgodi wa makaa asiyekwenda kazini Jumamosi hakuwa na cha kupika Jumapili. Mchezo wenye asili hiyo ulikubalika upesi kwa wafanyakazi wa Sydney, ambako ligi yao ilianza mwaka 1908. Na huko Ufaransa, serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Wanazi iliupiga marufuku mwaka 1941 na kuzitwaa mali zake. Tunalitaja jambo hili kwa wale wanaodhani kwamba siasa imeingia michezoni juzi.

Papua ilitawaliwa na Australia hadi tarehe 16 Septemba 1975. Mtawala aliondoka, mchezo ukabaki, na wananchi wakaufanya wao. Katika nchi yenye lugha zaidi ya 800, raga ni miongoni mwa mambo machache yanayomfanya mtu wa Goroka na mtu wa Rabaul washangilie pamoja. Vijana wake wamekwisha kuthibitisha uwezo wao. Adrian Lam, mzaliwa wa Rabaul, alifika hadi kuwa nahodha wa Queensland. Marcus Bai, mtu wa kisiwa cha New Britain, alikuwamo katika timu ya Melbourne iliyotwaa ubingwa mwaka 1999; Justin Olam akaupata katika timu hiyo hiyo mwaka 2020. Timu ya Hunters ya Papua iliingia katika ligi ya Queensland mwaka 2014 na kuibeba mwaka 2017. Kwa muda wote huo, njia ya ligi kubwa ilikuwa moja tu: kijana apande ndege aende zake, na kijiji kibaki kumtazama katika televisheni. Kama ligi imeweza kuwachukua vijana, hatuoni kwa nini isiweze kuifuata nchi yao.

Lakini ligi hii imekwisha kupanuka kabla ya leo, na baadhi ya waliokaribishwa walikuja kufukuzwa. Mwaka 1995 Perth hiyo hiyo iliingia kwa timu ya Western Reds. Miongoni mwa masharti yake, Reds ilitakiwa kulipia safari za timu zilizokwenda kucheza nayo. Kisha makampuni makubwa ya habari yakagombania haki za televisheni, na mwaka 1997 zikachezwa ligi mbili. Mabwana walipopatana, Reds ikavunjwa. Adelaide nayo ikafuata mwishoni mwa mwaka 1998. Watu wa miji hiyo hawakuulizwa.

Tofauti ni kisa cha South Sydney, timu iliyokuwamo tangu mwaka 1908. Nayo iliondolewa baada ya msimu wa 1999. Wanachama na mashabiki wake waliandamana barabarani kwa maelfu, wakachanga fedha, wakaenda mahakamani. Mwaka 2002 timu ilirudi, na mwaka 2014 ikawa bingwa. Kwa maoni yetu, iliyonusurika ni ile iliyokuwa na wenyewe.

Sasa tutazame hizo dola milioni 600. Magazeti ya Australia yaliandika kwamba fedha hizo zinaweza kukatwa iwapo Papua itafunga mkataba wa ulinzi na China, na viongozi wenyewe walikiri kwamba yako mapatano mengine yanayokwenda sambamba na haya ya mchezo. Hapana shaka kwamba mkataba wa ulinzi ambao Visiwa vya Solomon vilitiliana na China mwaka 2022 uliitia Australia hofu. Hatusemi Papua ikatae fedha. Papua ni nchi huru, na ina haki ya kumchagua rafiki wa Canberra au wa Beijing. Tunalosema ni kwamba timu ya taifa zima isiwekwe rehani kwa uchaguzi huo. Maofisa wa michezo wanaotusoma wanajua jinsi ukurasa wa fedha unavyosomwa mara tatu, na ukurasa wa masharti ukafunuliwa kwa haraka.

Aidha, serikali ya Papua imeahidi kuwasamehe wachezaji kodi ya mapato, na imepangwa wajengewe makazi yenye ulinzi katika Port Moresby. Yumkini bila ya hayo wageni hawatakuja. Lakini mwalimu wa skuli ya Lae analipa kodi yake kila mwezi, na ana haki ya kuuliza anapata nini. Jawabu la heshima ni kwamba vijana wake wafundishwe, makocha wazalendo waandaliwe, na wananchi wawe wanachama wenye kura katika klabu, kama walivyo wa klabu nyingi za Sydney. Timu ya namna hiyo, hata mfadhili akiondoka, itakuwa na watu wa kuitetea.

Liko na jambo la nauli, ambalo sisi watu wa visiwani hatuhitaji kufundishwa. Hakuna barabara inayounganisha Port Moresby na Lae wala na nyanda za juu. Mtu wa Mount Hagen, ambako mchezo huu unapendwa kuliko kiasi, hawezi kufika mji mkuu kwa basi. Hana budi apande ndege, na tikiti ya ndege kwa mkulima wa kahawa ni mavuno. Kabla ya mpira wa kwanza kupigwa mwaka 2028, wenye dhamana watangaze hadharani ni michezo mingapi itapelekwa nje ya Port Moresby, na ni nani atakayelipa gharama zake.