Zimamoto ya kijiji inaanza na majirani: somo ambalo Sange ililipa kwa gharama kubwa

Jioni ya tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 2010, gari lililobeba mafuta lilianguka ndani ya Sange, kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Bukavu na Uvira. Esansi ilianza kumwagika. Watu walikuja na bidoni, beseni na sufuria ili kuchota. Wengine walikuwa wamekaa katika vyumba vya video wakitazama mechi ya Kombe la Dunia. Moto ulipowaka ulichukua wote: aliyechota, aliyesimama kutazama, na aliyekuwa ndani akifuata mpira. Watu zaidi ya 200 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja kwa sababu hakuna aliyeweza kuwatambua.

Tangu siku ile, habari ya Sange husimuliwa kwa njia mbili. Wa kwanza wanasema ni umaskini: mtu asiyejua watoto watakula nini kesho hawezi kuona esansi ikimwagika chini akapita tu. Wa pili wanasema ni ujinga: watu hawajui kwamba esansi inaua. Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yanaacha jambo moja kubwa. Kati ya gari kuanguka na moto kuwaka kulikuwa na muda. Kama watu walipata muda wa kuleta bidoni, basi kulikuwa na muda pia wa kuwarudisha watu nyuma. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi hiyo ilikuwa yake.

Na Sange haiko peke yake. Mwezi wa kwanza mwaka 2002, siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kupitisha lava katikati ya Goma, kituo cha mafuta kililipuka na kuua watu waliokuwa wakichota. Mwezi wa kumi mwaka 2018, huko Mbuba katika Kongo-Kati, gari la mafuta lilipata ajali kwenye barabara ya taifa namba 1, na watu wapatao 50 wakafa. Mahali patatu, miaka mitatu tofauti, mambo yale yale. Mtu akisema kila mara kwamba ni bahati mbaya, anajidanganya.

Watu wakisikia neno zimamoto, wanafikiria gari kubwa jekundu lenye ngazi na mpira mrefu wa maji. Kwa kuwa gari hilo halipo katika vijiji vya uwanda wa Ruzizi, na kwa kuwa hata likiwepo mjini haliwezi kupita katika vichochoro vya Kadutu, watu wanaona mazungumzo yameishia hapo. Lakini historia ya zimamoto haikuanza na gari. Ilianza na majirani wenye ndoo.

Mwaka 1736, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, Benjamin Franklin na wenzake walianzisha kikosi cha kujitolea kilichoitwa Union Fire Company. Wakati huo Marekani yenyewe ilikuwa bado koloni la Uingereza. Wanachama walikuwa 30 tu. Kila mmoja alijinunulia ndoo za ngozi na mifuko ya kitani. Ndoo zilikuwa za maji. Mifuko ilikuwa ya kuokolea vitu vya mwenye nyumba, visichomwe na visiibiwe. Walikutana kila mwezi kuzungumza habari ya moto, na asiyefika alilipa faini. Faini hizo ndizo zilizonunua ngazi, kulabu na pampu. Watu wengine walipotaka kuingia, waliambiwa waanzishe kikosi chao, na mji ukapata vikosi vingi vilivyokaribia kuwaingiza karibu wote wenye mali.

Kabla ya hapo, Franklin aliandika katika gazeti lake kuwaonya watu juu ya kubeba makaa ya moto kutoka chumba kimoja kwenda kingine bila kuyafunika. Mama yeyote wa Bagira au wa Kamanyola anaelewa onyo hilo bila kufafanuliwa, kwa sababu moto wa kuwashia babula bado unaombwa kwa jirani na kubebwa juu ya kipande cha bati, kati ya nyumba za mbao.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Sange. Tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1863, kanisa moja la Santiago, mji mkuu wa Chile, liliungua wakati wa ibada. Watu wapatao 2000 walikufa, wengi wao wanawake. Siku tatu baadaye tangazo lilitoka gazetini likiwaita vijana waliotaka kuunda kikosi cha zimamoto. Tarehe 20 ya mwezi huo huo kikosi kilikuwa kimekwisha kuundwa. Mpaka leo, wazima moto wa Chile ni watu wa kujitolea: mwalimu, fundi, mwanafunzi, dereva, ambao wakiitwa wanaacha kazi zao na kukimbia. Nchi ile ililia wafu wake, kisha ikageuza kilio kuwa kikosi chenye zaidi ya miaka 150.

Swali kwa vijiji vyote vinavyopitiwa na magari ya mafuta ni hili: kilio cha Sange kiligeuka kuwa nini?

Kuna wanaojibu kwamba hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli. Raia analipa kodi, na kodi hizo zingepaswa kurudi kama barabara isiyoangusha magari, kama hospitali yenye dawa za majeraha ya moto, na kama magari ya zimamoto. Hakuna kikosi cha kijiji kinachoweza kuchukua nafasi ya hayo, na kiongozi yeyote asipewe nafasi ya kusema kwamba kwa kuwa raia wamejipanga, yeye apumzike. Lakini kujitolea hakuiondolei serikali deni. Huko Chile, wazima moto hawalipwi mshahara, ila dola inachangia vyombo vyao, na mwaka 2012 sheria maalum ilitungwa kuhusu kazi yao. Waliojipanga kwanza ndio waliopata nguvu ya kudai. Raia mmoja mmoja akienda kwa kiongozi kudai pampu, anarudishwa na maneno matamu. Kikosi chenye majina, daftari na miaka mitano ya kazi ni vigumu kukifukuza mlangoni.

Wengine wana hofu nyingine, na katika Kivu hofu hiyo haistahili kuchekwa. Vijana wakipewa firimbi na fulana leo, kesho watasimamisha watu barabarani wakiomba pesa, na keshokutwa watakuwa na silaha. Watu wa hapa wameona mambo hayo. Dawa yake ni kuunda kikosi kwa namna ambayo hakiwezi kugeuka. Wanawake wawe ndani, na si wa kupika tu, kwa sababu mara nyingi wao ndio wako nyumbani moto unapoanza. Wazee wa kila avenyu wawajue wanachama kwa majina. Pesa isikusanywe barabarani hata siku moja. Daftari la mali lisomwe mbele ya watu wote. Firimbi ipigwe kwa moto tu, na atakayeipiga kwa jambo lingine anyang'anywe.

Kuhusu gharama, watu wa Kivu wasidharau kile wanachokijua tayari. Wanajua likelemba, kinamama wengi wana masanduku yao ya akiba, wanaandika kila mchango na kutoza faini kwa anayechelewa. Wanajua salongo, ambapo avenyu nzima hutoka na majembe kusafisha mifereji. Wanawajua vijana wa Msalaba Mwekundu, watu wa kujitolea ambao walibeba wafu wa Sange wakati wengine hawakuweza hata kutazama. Mtindo wa Franklin, mkutano wa kila mwezi na faini zinazonunua vyombo, si mgeni hapa. Ulichokosa ni kuelekezwa kwenye moto.

Na kazi ya kujifunza si kubwa kama inavyodhaniwa. Kwa gari la mafuta lililoanguka, kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu, si kuzima. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini na kufika mbali, unaweza kukutana na babula, sigara au jenereta ambayo mwenyewe hajui kama kuna hatari. Basi kikosi kinafunga njia kwa kamba pande zote mbili, kinazimisha kila moto na kila injini, na kinaagiza watu wasimame upande upepo unakotoka. Esansi ikiwaka, maji yanaitembeza na kuusambaza moto; mchanga au udongo unafaa kwa moto mdogo, na kwa moto mkubwa la kufanya ni kukimbia na kuwakimbiza wengine.

Kwa nyumba za mbao zilizobanana, maji ya ndoo yanasaidia mwanzoni tu. Baada ya hapo, kinachookoa avenyu ni kuvunja kibanda kinachofuata ili moto ukose njia, na hapo ndipo mabishano hutokea, kwa sababu hakuna anayekubali nyumba yake ivunjwe ili ya jirani ipone. Makubaliano hayo hayawezi kufanywa huku bati zinalia kwa joto. Yafanywe mapema, mbele ya shefu, pamoja na ahadi kwamba wote watamjengea yule aliyevunjiwa. Kwa aliyeungua, maji safi ya baridi kwa dakika 20 kabla ya kumkimbiza hospitali. Si dawa ya meno, wala mafuta ya kupikia.

Liko neno moja zaidi ambalo lazima lisemwe kwa upole. Mwenye kuchota esansi si adui wa kikosi. Bidoni moja inaweza kuwa ada ya mtoto shuleni. Mtu akimfukuza kwa matusi, atazunguka nyuma na kurudi. Lakini akirudishwa na mjomba wake, na mwalimu wa mtoto wake, na mama anayekaa naye katika likelemba, wakimkumbusha majina ya waliolala katika makaburi ya Sange, huenda akasikia. Hiyo ndiyo nguvu ambayo gari jekundu la mjini halina: wazima moto wa kujitolea wanawaita watu kwa majina yao.

Magari ya mafuta bado yanapita katika uwanda wa Ruzizi. Salongo ijayo, kijiji kimoja tu kingeweza kuchukua saa moja kati ya saa zake, kiandike majina 30, kinunue kamba na firimbi, na kikubaliane nani atasimama upande gani wa barabara. Watu wa Philadelphia walianza na idadi hiyo hiyo.