Kabla ya kununua mfuko wa maji wa mgongoni, angalia bidoni inayobaki nyumbani

KALEMIE – Kuna kijana mmoja wa site ya wahami aliyenisimamisha sokoni siku zilizopita. Yeye anapakia ndagala kavu juu ya kinga, anaelekea Niemba na Nyunzu, na anarudi na karanga na mafuta ya mawese. Alikuwa ameona kwenye mitumba ule mfuko mdogo wa mgongoni wenye maji ndani na mpira unaopita juu ya bega mpaka mdomoni. Swali lake: «Papa, mfuko ule unafaa kwa njia yetu? Mwenye nao anataka franka 25.000.»

Nilimwambia anipe siku mbili. Si kwamba nilikuwa sijui. Nami niliwahi kununua mfuko wa namna hiyo, na ulinifundisha kitu kwa tumbo langu. Ila nilitaka kwanza nimuulize mke wake jambo moja. Nitalifikia.

Mfuko huu una hadithi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na mashindano ya kinga katika mji wa Wichita Falls, jimbo la Texas, Marekani, kilomita 160 katika joto kali la mwezi wa 8. Mwanamume aitwaye Michael Eidson, aliyekuwa akifanya kazi ya kuhudumia wagonjwa wa dharura, aliogopa kiu. Akachukua mfuko wa serum, ule ule unaotundikwa juu ya kitanda cha hospitali, akaujaza maji, akautia ndani ya soksi ndefu, akaushona mgongoni kwenye nguo yake, akapitisha mpira begani. Toka hapo akaanzisha kampuni ya CamelBak, na leo wengi wanatengeneza mifuko ya namna hiyo.

Kwa hiyo kitu hiki si cha anasa tangu mwanzo. Ni serum iliyopanda kinga. Hapa Kalemie hatuhitaji kuelezwa serum ni nini; nani kati yetu hajakaa usiku pembeni ya mtoto wa kipindupindu akihesabu matone?

Uzuri wake ni mmoja na ni wa kweli: unakunywa bila kusimama na bila kuachilia usukani. Anayekunywa kidogo kidogo njiani hafiki amelegea kama yule anayengoja mpaka kichwa kianze kugonga. Mtu anayesukuma mzigo juani anaweza kutoa jasho la litre moja kwa saa, na zaidi ya hapo jua likiwa kali. Wenzetu wengi wanaondoka na chupa moja ya maji kwa siku nzima, wanasema maji ni uzito. Ni kweli, litre moja ni kilo moja. Lakini mwenye kilo 80 za ndagala akilalamikia kilo tano za maji, hesabu hiyo mimi siielewi.

Sasa ubaya wake. Yule wa Texas alikuwa na kinga tupu. Wewe una mzigo nyuma, na sehemu kubwa ya njia hupandi, unasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo iliyofungwa hapo, mgongo umeinama. Mfuko wa litre mbili au tatu mgongoni unakuzibia upepo pale pale unapotoka jasho, na unavuta mabega. Uzito unapendeza ukiwa chini. Bidoni ikifungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, katikati ya fremu, chini ya bomba la juu, kinga haiyumbi. Hata wale wakimbiaji tuliowatazama kwenye televisheni katika Mashindano ya Dunia ya Kigali, mwezi wa 9 mwaka 2025, karibu wote walikuwa na chupa kwenye fremu, na gari nyuma ya kuwapa nyingine. Sisi gari hatuna, lakini mahali pa kufunga chupa tunapo.

Kinachonisumbua zaidi ni ule mpira wa kunyonyea. Ni mwembamba, kidole hakiingii, na kitambaa hakiingii. Maji yanabaki ndani, vumbi linashika kwenye mdomo wake, na yakikaa siku tatu kwenye joto letu, panaota utelezi wa kijani na madoa meusi. Wenye vifaa huko kwao wana brashi ndefu ya kuingiza ndani na wanautundika mpaka ukauke kabisa. Mimi brashi sikuwa nayo. Niliuosha kwa maji baridi, nikautumia kwenda kuripoti habari vijijini, na siku ya pili nikawa mtu wa kukimbilia majani. Nilisema ni chakula. Nikautumia tena. Mara ya pili nikaupasua ule mpira kwa wembe nikatazama ndani, na sitawaeleza nilichoona kwa sababu kuna wanaosikiliza wakati wa kula.

Tena mfuko wa mitumba hujui ulibeba nini. Wengine huko waliko wanatia humo vinywaji vya sukari, na sukari ndiyo chakula cha uchafu huo. Na njiani tunapewana maji. Ndiyo heshima yetu. Chupa unaweza kummiminia mwenzako mkononi au kwenye kikombe. Mpira wa kunyonya utampa mdomoni.

Basi, wewe unayetaka kuchagua: uliza kwanza kama mkono wako, au walau kitambaa kwenye kijiti, kinafika kila kona ya ndani. Kama hakifiki, acha, hata kama ni kizuri na kina rangi. Mimi ninapendelea bidoni ya litre tano iliyokuwa ya mafuta ya kula, yenye kifuniko chake kinachokaza, na pamoja nayo chupa moja au mbili za plastiki angavu za litre moja na nusu. Bidoni inakaa kwenye fremu, ni ghala. Chupa inakaa karibu na mkono, ndiyo ya kunywa. Bidoni iliyobeba dawa ya shamba, mafuta ya gari au maji ya batri usiiguse, usidanganywe na anayesema ameichemsha na sabuni. Dawa ya shamba inaingia ndani ya plastiki.

Chupa ile angavu ina faida nyingine. Ikiwa umekosa kuni na umekosa dawa ya maji, ijaze maji yasiyo na tope, ilaze juani saa sita kamili, na siku ya mawingu mengi uiache siku mbili. Jua linaua vijidudu vingi vya kuhara. Maji ya tope hayakubali njia hiyo, maana mwanga haupiti. Yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Ukiwa mahali panapolala watu na kuna moto, chemsha mpaka yatokote kweli kweli, hiyo bado ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote.

Na vidonge vya klorini: soma karatasi yake au mtafute anayejua kusoma. Viko vya litre moja, viko vya litre 20, na kwa macho vinafanana. Nimeona mtu akitia cha litre 20 kwenye chupa yake ndogo, halafu anatangaza kijiji kizima kwamba wazungu wanataka kutuua kwa dawa. Ukishatia, ngoja dakika 30 ndipo unywe. Hiyo dakika 30 ndiyo inayotushinda, kwa sababu tunatia dawa tukiwa tayari na kiu. Jaza na utie dawa wakati bidoni bado ina kiasi cha chupa moja pembeni, utakuwa na cha kunywa ukingoja.

Maji matupu nayo hayatoshi kwa siku nzima ya jasho. Ukiona nguo yako ina chumvi nyeupe mgongoni, hiyo chumvi imetoka kwako. Kula kitu chenye chumvi njiani, ndagala unao. Usinywe litre nyingi kwa mfululizo eti unajaza tanki, mwili unaweza kuharibika kwa maji mengi yasiyo na chumvi. Tazama mkojo: ukiwa mweusi kama chai, umechelewa kunywa. Na ukishikwa na kuhara njiani, kinywaji kinajulikana: litre moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi. Kunywa huku unatafuta kituo cha afya. Kama kuhara kunatoka kama maji ya mchele, usiseme utafika kwanza Nyunzu uuze mzigo.

Nirudi kwa mke wa kijana. Nilimkuta kwenye site, nikamuuliza: bwana akiondoka, anabeba maji katika nini? Akaonyesha bidoni ndogo ya njano yenye kifuniko. Nikauliza: na ninyi mnakunywa wapi? Akaonyesha beseni. Beseni wazi, chini, na kikombe kinaelea ndani, na watoto watatu wanazunguka. Walikuwa na bidoni nyingine kubwa ya kuchotea kwenye robine, lakini kifuniko kilipotea zamani wakati wa kukimbia, wameziba kwa gunzi la hindi. Chombo pekee kinachofungika katika nyumba ile kilikuwa kinakaa barabarani siku nne, kila wiki.

Hakuna aliyekosa hapo. Baba anatafuta chakula, hawezi kusafiri bila maji. Lakini hesabu ya chombo imekaa vibaya, na nadhani imekaa hivyo katika nyumba nyingi za wahami. Mtu mzima mwenye nguvu anabeba maji yaliyofunikwa, na mtoto wa miaka miwili anakunywa yale ya wazi. Kipindupindu kikiingia hakitamngoja baba arudi. Mji wetu unajua ugonjwa huu, unarudi kila mara, na kumwagiwa dawa kwenye maji ya robine hakutoshi kama maji yale yataingiliwa na mikono saa moja baadaye.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana lilikuwa hili: zile franka 25.000 usizipeleke kwenye mfuko. Nunua bidoni ya litre tano ya safari iwe yako wewe, isiingie nyumbani hata siku moja. Tafuta kifuniko cha ile bidoni kubwa. Kwa wauza bidoni kuu kuu sokoni huwa vinapatikana, unajaribu mpaka kimoja kikaze. Ile ya njano ibaki kwa mama na watoto, ya kunywa tu, isichotewe mafuta wala pombe. Ukibakiwa na pesa, nunua sukari na chumvi na sabuni.

Na wale wanaokuja kugawa vyombo, nina neno kwao pia. Mnahesabu familia, mnatoa bidoni, mnapiga picha. Sawa, tunashukuru. Ila hesabuni pia yule anayesafiri. Nyumba yenye mpanda kinga ina midomo ya mahali pawili, nyumbani na njiani, na ikipewa chombo kimoja kizuri tayari mmejua nani atakichukua. Leteni vifuniko vya akiba. Ni vitu vidogo, havionekani kwenye picha, na ndivyo vinavyopotea kwanza watu wanapokimbia.

Kuna watakaosema ninamchukia kila mwenye mfuko wa mgongoni. Hapana. Kijana asiye na mzigo, anayefanya mazoezi asubuhi kando ya ziwa, mwenye maji safi nyumbani na muda wa kuukausha mpira, anunue akipenda, mradi ni mpya.

Yule wa ndagala hakufurahi sana. Alisema mfuko ungemfanya aonekane mtu wa sport. Hata hivyo Jumatatu nilimwona kwenye njia ya kutoka mjini, bidoni nyeupe imefungwa chini ya bomba la fremu na mpira mweusi, chupa mbili pembeni. Nilimuuliza ile ya njano iko wapi. Akasema mama ameikatalia, hata kuishika hairuhusiwi.