Nauli na Namba ya Siri

Alfajiri stendi ya Kahama, mfanyakazi wa zamu aendaye Kakola, akilipa nauli kwa simu, hana nafasi ya kubonyeza namba ya siri kwa utulivu. Basi limejaa, utingo ahimiza, na jirani yake akodoa macho. Wengine humkabidhi utingo simu yenyewe na kuitaja namba kwa sauti. Hiyo si siri tena, ndugu zetu.

Wako wasemao kuwa kadi ya kugusisha, isiyodai namba, itawatia wanyonge hasarani, maana aiokotaye aweza kuitumia. Neno hilo lina kweli ndani yake. Lakini kadi ya Oyster ya London, tangu mwaka 2003, haidai namba mlangoni, wala N-Card haiidai katika kivuko cha Magogoni na Kigamboni. Aiokotaye hupata safari chache tu. Aliyeisikia namba ya simu aweza kukomba mshahara wote.

Sisi twaitaka kadi hiyo Shinyanga na Geita, ila kwa sharti. Fedha ndani yake ziwe kidogo. Asiye nayo asikataliwe fedha taslimu, kwani mchimbaji mdogo wa Nyarugusu hana siku ya mshahara. Kenya iliagiza mwaka 2014 matatu ziache kupokea taslimu, na agizo likashindikana. Tena kadi iliyopotea ifungwe saa ile ile taarifa itolewapo, na hasara ya kuchelewa kuifunga iwe juu ya kampuni iliyoitoa, si juu ya abiria.