Monita za Chogo: Sadaka ya Kheri au Mzigo wa Sumu?



Majuzi tulialikwa kusaidia kusafisha stoo ya madrasa moja hapa Mwanza. Nyuma ya majamvi makuukuu na mbao za kuandikia tulikuta monita 12 za kompyuta, zile zenye chogo, zimepangwa moja juu ya nyingine. Ustadhi alitueleza kwamba zilitolewa sadaka na ofisi moja miaka mingi iliyopita. Chache ziliwaka kwa muda. Nyingi hazikuwaka hata siku moja.

"Tumeona uzito kuzitupa," alisema, "maana zimetolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu." Kisha akaongeza jambo lililotushtua. Mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu alikuwa ameahidi kuja Jumamosi, lakini alitaka shaba peke yake. Kwa hiyo wanafunzi wakubwa walikuwa wameagizwa kuzivunja monita hizo kwa nyundo, uani, kabla hajafika.

Tuliomba kazi hiyo isimamishwe, na Ustadhi akakubali kwa moyo mweupe. Leo tunaeleza sababu zetu, kwa kuwa tunaamini stoo kama ile zipo katika misikiti, shule na nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa.

Monita ya chogo ni chupa kubwa ya kioo kizito iliyotolewa hewa yote ndani yake. Ikipigwa nyundo, hewa ya nje huingia kwa nguvu na vipande vya kioo huruka kama vishale. Ndani yake pia umeme mkali huweza kubaki hata baada ya waya kuchomolewa, na fundi asiyejua huupata kwa kupigwa shoti. Hatari hizo mbili huonekana papo hapo. Ile ya tatu haionekani, nayo ndiyo kubwa zaidi.

Kioo cha chogo kimechanganywa na madini ya risasi ili kuzuia mionzi isimfikie mtazamaji. Monita moja huweza kubeba kilo nzima ya risasi au zaidi. Maadamu kioo ni kizima, risasi hiyo imefungwa ndani yake. Kikipondwa, vumbi lake hushika mikono, kanzu na mikeka, na mtoto anayetambaa hulipeleka mdomoni. Upande wa ndani wa kioo umepakwa unga mwembamba ambao nao haufai kuvutwa puani.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Sumu hii hudhoofisha ubongo wa mtoto unaokua, na athari yake haifutiki. Kwa mama, risasi hujificha katika mifupa kwa miaka mingi, kisha hutoka wakati wa ujauzito na kumfikia aliye tumboni. Mara nyingi hakuna homa wala upele wa kumtahadharisha mzazi. Mtoto huonekana tu mzito wa kuhifadhi, naye pengine huchapwa kwa kosa lisilo lake.

Tusidhani haya ni mambo ya mbali. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu ili kupata risasi kilianza kazi mwaka 2007. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alimwona mwanawe mchanga akiugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014 baada ya wakazi kupaza sauti. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na kesi ikaendelea katika ngazi za rufaa kwa miaka mingine. Fedha ni haki yao, lakini hakuna hukumu inayoweza kumrudishia mtoto akili iliyopunguzwa.

Wapo watakaosema: basi tuzitupe tu. Tutazitupa wapi? Mji wetu umejengwa juu ya mawe. Mvua ikinyesha, maji hayana pa kuzama. Huteremka milimani, huingia mitaroni na katika Mto Mirongo, kisha hufika ziwani. Ziwa hilo ndilo tunalolinywa, na ndimo wanamotoka sato na dagaa wa mezani petu. Maji yake husafirishwa kwa bomba kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama. Basi anayemwaga kioo kilichopondwa kwenye korongo la Mwanza anagusa kisima cha watu asiowajua. Mtume (s.a.w.) alikataza kuchafua maji yaliyotuama na akahesabu kuondoa chenye kudhuru njiani kuwa sehemu ya imani.

Hatusemi haya kuwadharau wanaoishi kwa vyuma chakavu. Jiji hili lina historia ya heshima katika kazi hiyo. Makoroboi imepata jina lake kwa mafundi waliotengeneza koroboi kutokana na makopo na mabati yaliyotupwa. Ila kopo halina sumu ya monita. Kijana anayechoma nyaya ili apate shaba huvuta moshi wa plastiki wenye sumu kali, na faida yake ya siku moja huliwa na maradhi ya miaka.

Mali iliyomo ni ya kweli, na ipo njia salama ya kuitoa. Katika karakana iliyoandaliwa, fundi mwenye glavu, miwani na barakoa huondoa kwanza umeme uliobaki. Hufungua kasha kwa bisibisi, hutoa koili ya shaba, chuma, alumini na bodi za saketi zenye chembe za dhahabu na fedha. Kioo hukatwa kwa mashine: cha mbele hutengwa na cha chogo, unga hufyonzwa, na kioo chenye risasi hupelekwa kwa wayeyushaji wenye mitambo ya kudhibiti moshi. Hata monita bapa za zamani zina taa nyembamba zenye zebaki, ambayo jirani zetu wa machimbo ya Geita wanaijua vyema. Nazo zisivunjwe.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Hapa kwetu sheria ipo. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zimetungwa kanuni za mwaka 2021 zinazohusu taka hizi, na anayezikusanya au kuzirejeleza anatakiwa awe na kibali. NEMC ina ofisi ya kanda hapa Mwanza. Huko ndiko pa kuuliza nani mwenye kibali.

Kwa familia tunashauri haya. Monita mbovu iachwe nzima, iwekwe mahali pakavu, mbali na watoto na vyakula. Ikivunjika, watoto waondolewe. Vipande viokotwe kwa glavu na kufungwa katika ndoo yenye kifuniko. Vumbi lisifagiliwe kwa ufagio mkavu, bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Baba au kijana anayefanya kazi ya skrepa abadili nguo na kuoga kabla ya kumpakata mtoto.

Kwa wanaotoa sadaka tunakumbusha mafundisho ya Suratul Baqara, aya ya 267: tusikusudie kutoa kibaya ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kompyuta inayofanya kazi ni sadaka njema kwa madrasa. Iliyokufa ni taka, na gharama ya kuiondoa ni ya aliyeitumia. Na kamati za misikiti zijue kwamba kukataa zawadi ya namna hiyo si utovu wa shukrani.

Hadi tunakwenda mitamboni, monita zile 12 zingali stoo, nzima, na mlango umefungwa kwa kufuli. Kamati ya madrasa imeandika barua kwa NEMC kuomba maelekezo. Mnunuzi wa Jumamosi alirudi mikono mitupu na hakufurahi. Wanafunzi waliokuwa wamekabidhiwa nyundo walikaa darasani kama kawaida, wakaendelea na sura yao.

Wabillahi tawfiq.