Baba, Maji Moto Hayatakubebea Mzigo Wako

Leo neno langu ni kwa kina baba, lakini kina mama msiondoke.

Ndugu mmoja ameniuliza kwa ujumbe: "Pasta, ni kweli mwanamume akiketi kwenye maji moto kila siku hawezi kumpa mke mimba? Na je, ni dhambi?" Najua video za namna hiyo zinazunguka kwenye simu zenu. Nitajibu wazi. Mungu hakuona aibu kuuumba mwili huu, nasi tusione aibu kuuzungumzia kwa heshima.

Kwanza, jambo lenyewe si uzushi mtupu. Mwili wako una nyuzi joto 37 hivi, lakini mbegu za kiume hutengenezwa vizuri mahali penye joto la chini kidogo, pungufu kwa nyuzi 2 hadi 4. Ndiyo maana Muumba aliziweka korodani nje ya tumbo. Joto likipanda hapo siku baada ya siku, mbegu hupungua. Kuanzia miaka ya 1930, daktari wa Uswisi, Marthe Vögeli, alijaribu jambo hili na wanaume kule India. Waliketi kwenye maji ya karibu nyuzi 47, dakika 45 kila siku, kwa wiki 3, na uwezo wao wa kuzalisha ukasimama kwa miezi kadhaa. Huko Toulouse, Ufaransa, daktari Roger Mieusset ameshughulika tangu miaka ya 1980 na chupi maalum inayozisogeza korodani karibu na mwili ili zipate joto. Huvaliwa saa 15 hivi kwa siku.

Lakini ndugu yangu, usikimbilie beseni!

Mbegu huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa. Ukioga maji moto leo jioni, mbegu za jana bado ziko pale pale, na usiku huo mke anaweza kushika mimba. Hao wanaotumia chupi ile hufuatwa na daktari. Mbegu zao hupimwa kwa hadubini, na hawaitegemei njia hiyo mpaka ziwe chini ya milioni 1 kwa kila mililita. Wewe bafuni mwako utazihesabu na nini? Maji ya nyuzi 47 nayo yanaweza kukuunguza. Hata Ufaransa kwenyewe, pete ya silikoni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo ilisimamishwa kuuzwa mwishoni mwa 2021, kwa kuwa usalama na ufanisi wake haukuwa umethibitishwa. Na joto halizuii Ukimwi wala kisonono.

Je, ni dhambi? Mimi nasema mume na mke waliokubaliana kupanga watoto wao hawajamkosea Mungu. Bwana mwenyewe alitufundisha kuketi na kuhesabu gharama kabla ya kuanza kujenga mnara (Luka 14:28). Kosa liko mahali pengine. Kosa ni kumwambia mke "tulia, mimi nimejipanga," kumbe umejipanga na video. Hesabu ikikataa, hutabeba wewe miezi tisa. Atabeba yeye.

Hata hivyo, ndugu aliyeuliza nampongeza, maana ameuliza swali ambalo kina baba wengi hawajawahi kuliuliza: mimi nifanye nini? Nyumbani mwetu sindano ni ya mama, kijiti ni cha mama, koili ni ya mama, vidonge ni vya mama. Mwingine anatokwa na damu mwezi mzima, mwingine kichwa kinamuuma, na baba hajui hata tarehe ya kurudi kliniki. Wengine wanaficha kadi ndani ya kabati kwa kuogopa bwana. Kisha Jumapili tunasimama na kusoma Waefeso 5:25, kwamba mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa. Kristo alijitoa mwenyewe. Wewe umetoa nini?

Geuza upande wa pili. Kuna dada anayetafuta mtoto mwaka wa tano sasa. Amefunga, ameombewa, mama mkwe amemwita tasa. Mume hajapimwa hata mara moja. Pengine kazi yake ni mbele ya tanuri la mkate kutwa nzima, au laptopu haitoki mapajani. Sisemi joto ndilo sababu ya kila nyumba. Nasema mwili wa baba nao umo katika uzazi, wakati wa kutafuta mtoto na wakati wa kupanga. Nendeni mkapimwe wote wawili, kisha njooni na majibu tuombe pamoja. Kipimo hakimfukuzi Roho Mtakatifu.

Basi fanya hivi. Juma hili keti na mkeo umuulize, "Hiyo njia unayotumia inakufanyaje?" Kisha nyamaza usikilize. Kliniki mwende pamoja. Njia za mwanamume zinazotegemewa hospitalini ni mbili: kondomu na vasektomi. Vasektomi si kuhasiwa, nguvu zako za kiume hubaki. Lakini ichukulie kuwa ya kudumu, na hata baada yake utasubiri kama miezi 3 na kupimwa kabla ya kuitegemea. Mkiona njia ya mama ndiyo inayowafaa, basi wewe jua tarehe, toa nauli, shika mtoto akienda.

Wagalatia 6:2 inatuambia tuchukuliane mizigo. Mzigo wa kwanza uko chumbani kwako.

Baba, Mungu akupe moyo wa kubeba. Kama umepokea andika Amina, na umtumie mwanamume mmoja ujumbe huu.